Mtu wa Ndoo

Kuna wanaolipwa kwa mikono yao, kuna wanaolipwa kwa sauti zao, na kuna wanaolipwa kwa kukaa kwenye kiti kirefu na kukunja uso. Fundi alilipwa kwa kutapika. Usicheke mapema. Yeye mwenyewe alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini, halafu kesho yake akaenda kuanza kazi.

Hakuanzia huko. Kazi yake ya tangu ujana ilikuwa cherehani, kwenye chumba kidogo kinachotazama barabara, mwendo mfupi kwa miguu kutoka nyumbani. Kwa miguu, ndiyo. Kila kitu katika maisha ya Fundi kilikuwa mwendo mfupi kwa miguu: duka, kinyozi, zahanati, hata mke. Walimtania kwamba alioa binti wa jirani kwa sababu posa ya mbali ingetaka gari, na yeye na gari hawapikiki chungu kimoja. Tangu utotoni, injini ikinguruma tu, tumbo lake lilipanda juu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Ndugu zake waligombania kiti cha dirishani. Yeye alipewa bure, na mfuko wa plastiki juu yake. Harusini alibaki nyumbani. Misibani alifika watu wakiwa wameshatawanyika, maana alikuwa ameteremka njiani kupunga upepo, na upepo wenyewe haukutosha.

Haya yote aliyazoea. Kilichomkata maini ni binti yake kuolewa mbali, ng'ambo ya daraja kubwa. Alijaribu kwenda, tena si mara moja. Basi likishaingia darajani, na zile nguzo za chuma zikaanza kupita dirishani moja baada ya nyingine, kwisha habari. Kondakta alilisimamisha mwisho wa daraja, Fundi akateremka uso umemsawajika, mkewe akaendelea na safari peke yake. Yeye alirudi kwa miguu, akipumzika kila penye kivuli. Mjukuu wake alimjua kwa sauti ya simu tu.

Mkewe akirudi alimsimulia. Mama Watoto alikuwa na kipaji cha kusimulia, hilo halina ubishi.

"Ukishavuka daraja, Baba Watoto, ni mashamba ya alizeti," alisema huku akifungua mizigo. "Njano tupu. Halafu kilima chenye mnara. Halafu kuna mto mdogo, unawaona wanawake wanafua."

"Mto uko kushoto au kulia?"

"Kushoto. Ukienda ni kushoto."

Fundi alikanyaga cherehani yake, akaziona alizeti kichwani. Kila safari ziliongezeka.

Sasa, alikuwa na mpwa, binti wa dada yake mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa ngumu kuwaeleza wazee. Alitengeneza gemu na hadithi fupi za uhalisia pepe. Yaani zile za kuvaa miwani minene usoni kama fundi wa kuchomelea vyuma, ukazibwa macho yote mawili, halafu ukajikuta uko kwingine kabisa. Ukitazama chini, unaona shimo. Ukitazama nyuma, unaona ulikotoka. Dakika chache tu, hadithi imekwisha, umerudi kwenye kiti chako.

Siku moja aliileta miwani ile nyumbani kwa mjomba wake, ndugu waijaribu. Walipiga kelele, walikumbatia hewa, mmoja akaomba msamaha kwa kabati la vyombo. Ikafika zamu ya Fundi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya nyuki anayetoka mzingani kwa mara ya kwanza, na nyuki ndiye wewe. Kabla nyuki hajalipita jani la kwanza, Fundi alikuwa ameshaivua miwani na yuko uani ameinamia karo.

Mpwa wake alimfuata mbio. Wote walidhani amekwenda kumpa pole.

"Mjomba, ni wapi hasa? Uliporuka au ulipogeuka?"

"Mwanangu, niache nife kwanza."

"Ulipogeuka, eh? Nilijua!" Yule binti alimshika mabega, macho yanamng'aa. "Mjomba, wewe ni mali. Wewe ni mali kabisa!"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Fundi maneno hayo akiwa ameinama namna ile. Ikabidi binti amweleze taratibu, kwa kikombe cha maji. Watu wengi, alisema, miwani hii inawachafua roho, lakini wanajikaza, wanaona haya, wanasema ni nzuri, halafu hawairudii tena. Watengenezaji wanabaki wanajiuliza wamekosea wapi. Wanachohitaji ni tumbo lisilojua kuficha. Likikataa, wanajua ni hapo hapo, wanaparekebisha: wanapunguza mwendo, wananyoosha mstari wa upeo wa macho, wanaondoa mtikisiko.

"Mjomba ukipita wewe, dunia nzima itapita," alisema.

Ndivyo Fundi alivyopata kazi ya pili, asubuhi tatu kwa wiki, kwenye chumba cha juu cha jengo lenye duka la matairi chini. Chumba kilikuwa na zulia la kijivu lililobanduka pembeni, nyaya zilizofungwa pamoja kwa vipande vya kitambaa alivyoleta yeye mwenyewe, feni, na watu wawili: mpwa wake, na mchoraji mmoja mpole wa maneno machache waliyemwita Ndevu. Katikati kulikuwa na kiti cha kuzunguka. Kando ya kiti, ndoo ya buluu yenye mfuniko.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Fundi alikula mkate mkavu na chai isiyo na maziwa, akakaa, akavikwa miwani. Tumbo likimwanza, alinyoosha mkono wa kulia. Ndevu alibonyeza kitufe, alama ikabaki kwenye skrini, mahali penyewe. Fundi alivua miwani, akashughulika na ndoo yake, na kazi ikawa imekwisha. Kila hadithi aliiingia mara moja tu, maana tumbo likishajua kinachokuja linajipanga, halisemi tena ukweli. Ndoo aliisafisha mwenyewe. Mpwa alikataa, akasema wataisafisha wao, lakini mjomba mtu alishikilia: mtu mzima ana heshima yake.

Wakamwita Kipimo. Jina lilimpendeza kuliko alivyokubali kulionyesha. Nyumbani alijitia kulalamika, "Leo tena nimeitwa, hawajiwezi wale," huku akinyoosha kola mbele ya kioo. Ile aibu aliyobebana nayo tangu utotoni ilikuwa imepata ofisi, kiti, na watu wawili wanaonyamaza kwa heshima inapoanza. Nani angekataa?

Ila tazama ajabu yake. Mtu huyu alikuwa ameingia kwenye hadithi nyingi kuliko yeyote mtaani, na mwisho wa hata moja hakuujua. Alijua nyuki anatoka mzingani. Alijua kuna msichana anapanda lifti kwenda kwenye ghorofa isiyo na namba. Alijua kuna wewe, umepungua ukawa mdogo kama kijiko, unatembea juu ya meza ya jikoni na paka anaingia. Paka alifanya nini? Fundi hakujua. Alikuwa ndooni. Hakuna aliyemuuliza ameonaje, na yeye hakuuliza iliishaje. Walimuuliza wapi tu.

Ikafika asubuhi moja hadithi ya bembea. Ndevu alikuwa ameihangaikia muda mrefu: unakaa kwenye bembea iliyofungwa kwenye ukingo wa bonde, mtu usiyemwona anakusukuma kutoka nyuma, kila msukumo unakupeleka mbali zaidi, na yule mtu anaanza kusema. Fundi alikaa. Bembea ikaenda, ikarudi. Alisubiri. Ikaenda tena, bonde lote likafunguka chini ya miguu yake, ukungu, miti, ndege wanapita chini ya viatu vyake. Alisubiri tumbo. Tumbo lilikuwa limetulia tuli, limejikalia zake.

Moyo ukamlipuka. Alinyoosha mkono.

Hakujua kwa nini alinyoosha. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea na kwa woga. Ndevu akabonyeza. Fundi akavua miwani, akaivuta ndoo, akaiinamia, akakohoa, akatema mate, akaguna kama mtu anayeona kilichomtoa kanga manyoya. Kisha akaifunika upesi, akaenda nayo chooni, akafungua maji kwa nguvu. Alisimama mbele ya ndoo tupu, anajitazama kwenye kioo. Usoni hakuwa na hata jasho.

Alijiambia ni bahati. Wiki iliyofuata aliletewa pikipiki inayokimbia kwenye korongo. Hakuna kitu. Akaletewa jahazi kwenye dhoruba. Hakuna kitu, tena alihisi njaa. Tumbo lilikuwa limezoea, basi, baada ya kutikiswa miaka yote hii lilikuwa limeacha kulalamika, na lilichagua kuacha wakati huu, Fundi alipokuwa kwa mara ya kwanza anaishi kwa malalamiko yake. Akiambiwa aende, alikuwa nani? Mshonaji wa chumba kidogo, ambaye wateja wake wengi sasa walinunua nguo zilizoshonwa tayari, na ambaye hata ule ugonjwa wake uliompa jina ulikuwa umemkimbia. Ndiyo maana aliendelea kuinama. Alijifunza kutia maji mdomoni kabla ya kazi. Alinyoosha mkono palipoonekana pabaya, kwa kubahatisha, akawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa watu waliomheshimu, na kila akirudi nyumbani roho ilikuwa juu juu.

Kilichomzidia ni siku alipomkuta Ndevu ameegemea dirisha, hazungumzi kabisa, hata yale maneno yake machache hayapo.

"Ana nini?" Fundi alimnong'oneza mpwa wake.

"Tumeitoa bembea," binti alisema. "Mjomba ulikataa msukumo wa pili tu, tukaona haifai. Tumeweka benchi. Anajiona hajui kazi."

Fundi alikaa kwenye kiti chake. Alitaka kusema pale pale. Badala yake akaivuta miwani, akaivaa. Siku ile alikosea kushona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, jambo ambalo halikumpata tangu akiwa mwanafunzi wa cherehani.

"Wewe unaumwa," alisema mkewe jioni.

"Siumwi. Hiyo ndiyo taabu."

"Sijakuelewa."

"Hata mimi."

Basi ikaja hadithi ya kabati.

Alivikwa miwani, giza. Giza halikuisha. Kisha mstari mwembamba wa mwanga mbele yake, wima, na nyuma ya ule mstari chumba cha mtu: kitanda kimeondolewa godoro, kuta zina alama za picha zilizobanduliwa. Fundi alitazama chini kuona miguu yake, hakuona miguu. Aliona mbao. Ikamchukua muda kutambua kwamba yeye ndiye kabati. Mlango wake mmoja haukufunga vizuri, na kwa upenyo wa ule mlango ndipo alipoona dunia.

Mama mzee aliingia chumbani, akasimama mbele yake, akamgusa. Akatoka bila kusema neno. Nje sauti zikabishana. "Hilo nalo linakwenda?" "Hilo la nini, kuukuu hivyo?" "Muulizeni mwenyewe." Lakini jibu la mwenyewe halikusikika. Wakaja wabebaji wawili, mmoja anapiga mluzi, wakamkumbatia, wakamnyanyua.

Hapo, msomaji, ndipo penyewe. Kabati lililala, dari ikawa ukuta, likateremshwa ngazini kichwa chini, likagonga ukuta, likazungushwa kwenye kona, likapanda tena. Mtu mwenye tumbo la chuma angeomba maji. Ndevu alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitufe. Mpwa alikuwa ameshaisogeza ndoo.

Fundi hakunyoosha mkono. Hakukumbuka kwamba ana mkono. Alikuwa anataka jambo moja tu, kujua anapelekwa wapi. Kama anakwenda na yule mama, au anakwenda kuuzwa, au kupasuliwa kuni. Walimpandisha kwenye lori, mlango wake unafunguka na kufunga kila penye shimo, na kwa ule upenyo aliiona nyumba inabaki nyuma, inakuwa ndogo, inaishia kwenye kona. Njia ikawa ndefu. Mbebaji wa mluzi alilala ameegemeza kichwa kwenye ubavu wake. Lori likasimama. Akashushwa. Giza, sauti, mlango mwingine, ngazi nyingine. Akawekwa. Kimya kikakaa muda mrefu, Fundi ameshika kiti kwa mikono miwili.

Kisha mlango ukafunguliwa wote, mwanga ukaingia kwa wingi, na yule mama mzee alikuwa pale, kwenye chumba kigeni, na nyuma yake binti yake ameshika mtoto mkononi. Mama akatoa kwenye mfuko gauni moja, akalipangusa kwa kiganja, akalitundika ndani ya Fundi. Halafu akaurudisha mlango taratibu, na ukabaki ule mstari wa mwanga.

Ndiyo mwisho.

Alipovua miwani, macho yalikuwa yamemlowa mpaka kwenye kola. Watu wawili walikuwa wamesimama mbele yake. Ndoo ilikuwa na mfuniko wake.

"Mjomba," alisema mpwa wake, "umefika mwisho."

Fundi aliitazama ndoo. Angeweza kuivuta hata wakati ule, akakohoa, akasema limemjia kwa kuchelewa. Alipiga moyo konde.

"Nimepona," alisema. "Siku nyingi. Tangu bembea. Nilikuwa natema mate tu humo, naogopa mtanifukuza." Akamgeukia Ndevu, maana huyo ndiye aliyemuuma zaidi. "Ile bembea haikunifanya kitu, mwanangu. Ilikuwa tamu. Nilinyoosha mkono kwa woga. Nisamehe."

Mpwa alijishika kiuno.

"Mjomba! Tumeibomoa bembea ya watu! Tumeweka benchi!"

"Najua."

"Benchi, Mjomba! Bondeni!"

Na Ndevu, ambaye Fundi alitegemea angekasirika, akateremka taratibu mpaka akakaa juu ya lile zulia lililobanduka. Alikuwa anacheka. Kwanza bila sauti, mabega tu. Halafu kwa sauti kubwa ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Haikuwa na kosa," alisema. "Bembea yangu haikuwa na kosa!" Akafuta machozi kwa mkono wa shati. "Mzee, mwezi mzima silali."

Mpwa alijaribu kubaki amekunja uso kidogo, kwa ajili ya nidhamu ya kazi, lakini naye yakamshinda. Fundi alishusha pumzi iliyotoka mbali. Hakuwa amejua ni kiasi gani alikuwa amejibana mpaka mabega yaliposhuka yenyewe. Hata kama angemwaga unga siku ile ile, angekwenda nyumbani mwepesi. Akainuka kuchukua koti lake.

"Unakwenda wapi?"

"Si nimepona? Kipimo kimeharibika."

"Kaa, Mjomba." Binti akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti karibu yanagusana, akamuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa kwenye chumba kile. "Umeonaje?"

"Nimeonaje nini?"

"Kabati. Hadithi. Umeonaje?"

Hapo ndipo walipofungulia maji. Fundi alisema giza la mwanzo ni refu lakini wasilipunguze, kwa sababu linakufundisha kutazama. Alisema alimchukia yule mpiga mluzi ngazini, akampenda lorini, aliposinzia. Alisema aliogopa, kweli kabisa, kuliko alivyoogopa kwenye jahazi la dhoruba, kwa sababu jahazini ukizama unajua umezama, lakini ukiwa kabati hakuna anayekwambia kama bado unatakiwa. Alisema lile gauni lingeweza kuwa jekundu zaidi. Kisha akauliza yule paka wa kwenye meza ya jikoni alifanya nini, na nyuki alifika wapi, na kwenye ile ghorofa isiyo na namba kulikuwa na nani. Wakamvika miwani, wakamwonyesha miisho yote, mmoja baada ya mwingine, mpaka duka la chini likafungwa kwa chakula cha mchana. Paka, kwa taarifa yako, alilala tu.

"Utakuja kwa hadithi sasa, si kwa ndoo," mpwa alimwambia akimsindikiza ngazini. "Wasemaji ninao, lakini wanasema nzuri, mbaya, basi. Ila kiti kile hakiwezi kukaa kitupu. Nitafutie tumbo bovu, Mjomba. Bovu kama lilivyokuwa lako."

"Tumbo kama lile halizaliwi kila siku," alisema Fundi, na kiburi kidogo hakikukosekana.

Alikuwa amefika kwenye chumba chake cha cherehani, amechomeka ufunguo, ndipo wazo lilipomgonga. Akauacha ufunguo unaning'inia mlangoni. Alikuwa ameteremshwa ngazi kichwa chini. Alikuwa amepigwa na mashimo ya barabara ndani ya lori, njia ndefu, hakuona hata dalili. Daraja ni nini?

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa povu la vyombo.

"Basi la kweli halivuliwi kama miwani," alisema.

"Najua."

"Utanitia aibu mbele ya kondakta."

"Si atakuwa ananikumbuka?"

Mkewe akapangusa mikono na kwenda kumpigia binti yao simu. Alisema maneno machache tu, "Baba yako anakuja," halafu akalazimika kumpa Fundi simu, maana kule upande wa pili mtu alikuwa anapiga vigelegele na mtoto anauliza kuna nini.

Wakaondoka asubuhi. Fundi alikaa dirishani, mifuko ya plastiki imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa koti, kwa mazoea. Basi likapita maduka, likapita viwanda, nyumba zikaanza kupungua. Daraja likatokea. Nguzo ya kwanza ikapita. Ya pili. Alishika kiti cha mbele, akasubiri. Nguzo zikapita zote, kivuli, mwanga, kivuli, mwanga, maji yanang'aa chini, na kule mwisho pakatokea ile sehemu ya kando ya barabara aliyoijua kwa kila jiwe, alipokuwa akiteremkia. Ikamjia, ikapita, ikabaki nyuma. Basi halikusimama.

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alikuwa ng'ambo.

Akakaa vizuri, akasubiri alizeti. Ikapita tanuri ya matofali, moshi unapanda. Likapita shamba la mahindi, jengo la shule lisilo na paa, uwanja ambako watu wanacheza mpira. Likaja bonde lenye mbuzi weupe. Alizeti hakuna. Kilima hakuna. Aligeuka amuulize mkewe, akamkuta amelala, kitambaa kimemfunika uso mzima, mikono imekunjwa kifuani.

"Mama Watoto. Mama Watoto! Alizeti ziko wapi?"

"Mm."

"Alizeti. Na mnara. Amka utazame."

Akamvuta kitambaa. Mkewe akafungua macho, akatazama dirishani, akatazama mbuzi wanaokimbia kurudi nyuma, na rangi ikamtoka usoni huku Fundi anaona. Alikuwa anaijua rangi ile. Alikuwa ameishi nayo tangu kuzaliwa.

"Nipe mfuko," alisema Mama Watoto.

Alimpa. Alimshika paji la uso kwa kiganja, kama alivyokuwa akishikwa yeye, mpaka alipomaliza, akaufunga mfuko kwa ustadi wa mtu wa kazi, akampangusa mdomo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku zote. Nikifumba macho nafika. Nikifumbua tu, basi."

"Hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mgonjwa mmoja alitosha nyumbani." Alikuwa ameegemeza kichwa, macho ameshayafumba tena. "Mmoja wetu lazima angefika kwa mtoto."

"Na alizeti?"

"Ulikuwa unauliza kuna nini huko. Ningesema nini? Sijawahi kuiona hii njia, Baba Watoto."

Fundi alicheka mpaka abiria wa mbele akageuka. Alikumbuka ndoo ya buluu na kile kiti kitupu juu ya duka la matairi, na jinsi mpwa wake atakavyoruka. Lakini hilo lingesubiri. Akamrudishia mkewe kitambaa usoni, akaupitisha mkono nyuma ya mabega yake, akamgeuza kichwa kiegemee kwake. Nje, barabara ilianza kupinda kuelekea mahali penye miti.

"Haya," alisema Mama Watoto chini ya kitambaa. "Kuna nini?"

"Kuna mbuzi. Weupe, wengi. Mmoja amepanda juu ya jiwe, hataki kushuka."

"Halafu?"

"Subiri, tunapinda," alisema Fundi, akasogeza uso dirishani.